Hapo Pana Mtaro, Rukeni

Mtu akiniuliza tena kama ni kweli mjukuu wangu "anasomea kuimba," nitamjibu vibaya, na nisilaumiwe. Nimejibu kwa upole tangu msichana aingie chuo kikuu. Nimejibu pale kwa posho mill nikisaga mahindi, nimejibu kwenye foleni ya zahanati, nimejibu hata nikiwa nimeinama nakamua, jirani yangu ameegemea ua akicheka mpaka ng'ombe akashtuka akapiga ndoo teke. "Ati kuimba? Si hata ndege wanaimba, mzee, na hakuna ndege ameenda chuo! Akimaliza ataandikwa kazi na nani?" Maziwa yakamwagika yote. Hata pole hakusema. Alienda zake bado anacheka, na mtoto wake anayesoma biashara huko Nairobi ndiye kila siku anapiga simu kuomba cha kula. Lakini hayo si yangu.

Mimi sijasoma. Nilifika darasa la pili nikatolewa nikachunge, na mwalimu aliyenifundisha herufi alikuwa na fimbo ndefu kuliko somo. Msichana aliposikia naandika haya alitaka kunirekebishia. Nikamwambia rekebisha herufi, maneno yaache yakae yalivyokaa.

Basi nieleze mara ya mwisho. Ni digrii ya sanaa. Ndani yake anasoma Kiswahili, anasoma historia, anasoma muziki, kama vile githeri ina mahindi na ina maharagwe na hakuna mtu huuliza ni kipi kimeifanya iitwe githeri. Na huo muziki wenyewe si kusimama ukafungua mdomo. Ni kuandika sauti kwenye mistari mitano, vichwa vyeusi na mikia, kama viluwiluwi vimenasa kwenye waya. Ni kukaa darasani mwalimu abonyeze kinanda, na wewe uandike ulichosikia, na usimwangalie mwenzako kwa sababu sikio la mwenzako haliwezi kukusaidia. Ni historia ya ngoma, nani aliipiga na kwa nini alikatazwa. Nilimsikia akisoma kwa sauti jikoni, nikaacha chai yangu ipoe.

Na nusura digrii hiyo impite. Hakupata mimba, hakuwa mvivu, karo baba yake alilipa. Ilikuwa impite kwa sababu ya sauti moja tu, na sauti hiyo inaitwa fa.

Lazima nirudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Huku kwetu Kiamunyi, kabla hapajajaa magorofa na vibao vya kuuza ploti, palikuwa shamba la mzungu. Alipoondoka, mke wake aliacha vitu ambavyo havikuenea kwenye lori: bafu la chuma, kabati lililovunjika mguu, na kinanda cha kukanyaga. Kabati sijui lilienda wapi. Bafu likawa la kunyweshea ng'ombe, na mimi ndiye niliyewanywesha, tena walilipenda kuliko mto. Kinanda kikapewa kanisa, ambalo wakati huo lilikuwa mabati na nguzo za mti.

Kinanda cha kukanyaga ni hivi: mguu unasukuma upepo kwenye mfuko wa ngozi, kidole kinabonyeza kibao juu, upepo unatoka na sauti. Panya walikuwa wamekula ule mfuko. Fundi wa viatu akautia viraka, na viraka vikashika, kazi safi. Lakini palikuwa na vibao viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, ukivibonyeza unasikia fuuu tu, kama mzee anapuliza uji. Fundi akasema hapo si ngozi, hapo ni shauri la Mungu, akachukua sanduku lake akaenda.

Sasa mwalimu wetu wa kwaya, marehemu, alijua kupiga kwa njia moja tu. Do yake ilikuwa mahali pamoja. Ameiwekea tone la rangi nyekundu iliyobaki alipopaka mlango wake, na kila wimbo, uwe wa arusi au wa mazishi, ulianza safari yake kwenye hilo tone. Hesabu mwenyewe: do, re, mi, halafu fa. Fa ndiyo ilikuwa kile kibao kilichokufa. Fa ya juu, fa ya chini, zote mbili, kama pacha waliozikwa pamoja.

Mtu mwingine angetafuta mahali pengine pa kuanzia. Yeye aligeuza kichwa akatutazama, mguu bado unakanyaga, akasema, "Hapo pana mtaro. Rukeni."

Tukaruka.

Ukifika kwenye mi, unakaa kidogo, unavuta pumzi ya haraka, hh, kama mtu amekunja suruali avuke maji, halafu unatua kwenye so. Kanisa zima kwa pamoja. Kina mama wakiruka kwa juu, sisi wa sauti nene tukiruka kwa chini, na ile hh ya watu wengi ndani ya mabati ilikuwa inafanya nywele zisimame. Ikawa ndiyo namna yetu ya kuimba. Watoto walijifunza mtaro wakiwa mgongoni. Bibi arusi akija kutoka kanisa lingine, Jumapili ya kwanza anaimba vizuri, halafu anatumbukia ndani ya mtaro peke yake, kanisa lote linageuka kumtazama, maskini. Mwezi haujaisha anaruka kama mzaliwa. Mwalimu akafa, tukamwimbia kaburini bila kinanda, na tuliruka kila mahali alipotufundisha kuruka.

Hakuna aliyetuambia ni kosa. Na nani angetuambia?

Mjukuu wangu baba yake anafanya kazi Gilgil, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo msichana alilelewa na mimi na marehemu nyanya yake. Nyanya yake alikuwa na sauti, we! Ng'ombe mkali alikuwa akimwimbia anatulia. Huyo ndiye aliyempa mtoto mtaro. Kwa hivyo siku alipoingia darasa lile la muziki, alikuwa amebeba kanisa letu lote kooni na hajui.

Siku ya mtihani wao wa kwanza wa sikio alirudi nyumbani, hakunisalimia, akapita moja kwa moja jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nikamfuata.

"Kuna nini?"

"Guka, sisi hatuna fa." Guka ndiye mimi, babu yake.

"Hatuna nini?"

"Fa. Mwalimu akiipiga, mimi nasikia mi. Akiipiga tena, nasikia so. Wenzangu wote wanaisikia. Mwalimu ameniuliza mbele ya darasa, kwani kwenu fa ilienda wapi?"

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema sijui. Sasa wananiita Bila-Fa."

Nilichukua koti na kofia. Nilikuwa nimeamua kwenda hadi huko chuoni kwa miguu nimuulize huyo mwalimu kama alipozaliwa yeye walikuwa na kila kitu. Msichana akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Guka, ukifika utasema nini?"

"Nitasema mtoto hachekwi kwa sababu ya panya!"

Akaanza kucheka huku analia, na mimi nikakaa chini na koti langu, kwa sababu kusema kweli sikujua darasa lenyewe liko upande gani.

Huyo msichana aliitafuta fa kama mtu anatafuta sindano kwenye nyasi. Chuoni vinanda ni vichache na wanafunzi ni wengi, wanapanga foleni kwa chumba cha mazoezi kama watu wa maji. Kwa hivyo alifanyia mazoezi kwenye zizi langu, simu inamlilia fa na yeye anaijibu, faaa, faaa, ng'ombe wakimtazama. Nafikiri ng'ombe waliipata mbele yake. Lakini akaipata. Mtihani uliofuata akapita, na jina la Bila-Fa likabaki la utani tu.

Yangeishia hapo. Ila mwaka wa tatu yule mwalimu, mama mmoja wa kutoka Magharibi mwa Kenya mwenye sauti ya kijeshi, alimuuliza tena, safari hii wakiwa wawili tu: niambie ukweli, ile fa ilienda wapi? Msichana akamweleza. Bafu, panya, fundi wa viatu, tone jekundu, mtaro. Anasema mwalimu aliweka kalamu chini. Akamwambia wenzako wote wanatafuta cha kuandika kwa kazi yao ya mwisho wanaenda kunakili vitabu, na wewe una kanisa zima limejenga wimbo wake juu ya kibao kibovu? Nenda ukawarekodi. Uandike kwenye mistari ile mitano jinsi wanavyoruka, kisha usimame mbele ya watahini uimbe. Hiyo ndiyo digrii yako ya muziki. Bila hiyo, hamna.

Hasira yangu kwa huyo mama ilikwisha siku hiyo. Nilimpelekea kuku wa kienyeji. Lakini hasira ni kama moto wa makaa, ukiutoa hapa lazima uuweke mahali. Nikauweka kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa ni mtu aliyestaafu ofisini na anapenda neno moja: kiwango. Choo hakijafika kiwango. Chai ya wageni haijafika kiwango. Siku ya harambee alisimama akasema uimbaji wetu haujafika kiwango, na mwezi ule ule msichana alipopewa kazi yake, wakanunua kibodi ya stima na spika mbili ndefu kama milango. Kinanda cha kukanyaga wakakitupa stoo ya nyuma, wakakiwekea mifuko ya simiti juu. Simiti! Juu ya kitu kilichozika wazazi wetu.

Tukaenda kwa kamati, mimi na msichana. Alikuwa amevaa sketi ndefu, akaongea vizuri, kwa heshima, akaeleza yote. Mwenyekiti akamsikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Kwa hivyo unataka kurekodi makosa yetu."

"Si makosa, baba. Ni namna ya—"

"Mimi nimekaa ofisini maisha yangu yote. Kosa nikiliona ninalijua. Unataka kwenda kutuanika huko, maprofesa wakae waseme watu wa Kiamunyi ni washamba, hata do re mi imewashinda?"

Nikashindwa kunyamaza. "Mwenyekiti, wewe mwenyewe unaruka. Umebatizwa tukiruka. Ulioa tukiruka. Mama yako alikuwa anaruka mbele yetu sote, na hakuna aliyeruka mbali kama yeye."

"Mzee, keti chini."

"Nimeketi."

"Basi keti zaidi."

Kamati ikacheka. Hapo nikajua tumeshindwa, kwa sababu watu wakishacheka hawarudi tena kwenye jambo. Wakaandika kwamba hakuna simu ya kurekodi ndani ya kanisa, na kwamba kila Jumamosi ni mazoezi ya kibodi, kila mtu, wazee kwa vijana, mpaka fa iingie.

Mpiga kibodi alikuwa kijana wa mjini, mtaa wa Section 58, ameweka miwani ya jua kichwani hata kama mvua inanyesha. Si mtu mbaya. Alianza na kina mama. "Mathe, hapa mnaruka. Hiyo ni F tu, haiumi. Skizeni: faaa." Halafu kwetu. "Boss wangu, besi yako iko poa sana, lakini hapa katikati unapotelea wapi?"

"Naruka. Hapo pana mtaro."

"Mtaro gani, mzee? Mimi naona barabara."

Wote wakacheka tena, na wengine waliocheka ni watu waliofundishwa mtaro siku moja na mimi, benchi moja, tukiwa hatuna viatu. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa hapo akiutupia mtaro wetu udongo. Ukishikilia mi, spika zinakusukuma. Ukivuta pumzi, kina mama wapya wanakugeukia, kama tulivyowageukia wao zamani. Nilikuwa narudi nyumbani nimekasirika mpaka chai hainipiti.

Msichana hakukasirika. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alisema, "Guka, kamati imekataza kanisani. Haikukataza nyumbani kwako."

Nikaona ana akili ya nyanya yake. Nikawaalika kina mama wazee, wale wa zamani kabisa, waje waimbe wakipukuchua mahindi, tulivyokuwa tukifanya. Nikawaambia ni kazi ya mtoto ya chuo, ndiyo itamfanya apite au aanguke. Labda nisingewaambia hivyo. Maana walikuja wamevaa nguo za kwaya, vitambaa vyeupe vimepigwa pasi, na hakuna hata mmoja aliyegusa gunzi. Wakajipanga mstari mbele ya zizi kama watu wa kupigwa picha. Msichana akaweka simu juu ya debe, akarudi nyuma, akainua mkono.

Wakaimba. Mi. Mimi nimefunga macho, nangoja ile pumzi.

Faaa.

Wote. Imenyooka kama uzi wa mwashi. Wakaimba ubeti wa pili, faaa, wa tatu, faaa, na wakamaliza wakitabasamu, jasho linawatoka. Msichana akabonyeza simu, akawaambia wale nyanya asante, shosho, asante sana, lakini uso wake niliuona.

"Nani amewaambia muimbe hivyo?" nikauliza.

Yule mkubwa wao, rafiki ya marehemu mke wangu, akanishangaa. "Si umesema ni mtihani wa mtoto?"

"Ndiyo!"

"Sasa ulitaka tumwimbie makosa? Tumefanya mazoezi wiki nzima asiaibike. Mimi nimeimba fa mpaka kuku wamehama."

"Lakini alitaka mtaro!"

"Mzee, wewe ni mgonjwa. Wewe unataka mtoto aanguke?"

Msichana akawaomba warudie kama zamani. Walijaribu, kwa kumpenda. Lakini sasa walikuwa wanajitazama miguu. Mmoja anaruka, mwenzake anaimba fa, wa tatu anasimama katikati anacheka, ile pumzi inatoka kwa zamu kama watu wenye kikohozi. Mtaro si kitu cha mtu mmoja mmoja. Lazima wote mruke pamoja na bila kufikiri, ukifikiri umeanguka. Wakanywa chai, wakamwombea mtoto apite, wakaenda na mahindi yangu wakaniachia bila kupukuchua.

Nilikaa pale kwa debe na hasira isiyokuwa na mtu wa kuipokea. Hao mama ningewalaumu kwa nini? Walikuja na kitambaa cha pasi. Na mwenyekiti naye, nikimfikiria, hakuiba kitu. Alinunua kinanda kizima akatupa kibovu, mtu yeyote angefanya hivyo. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo, kwamba kitu kinaweza kuuawa na watu wazuri mchana kweupe, kila mmoja akiwa na sababu nzuri mkononi, na ukipiga kelele unaonekana ni wewe mwenye kichaa.

Siku ya watahini ikakaribia. Msichana akaniambia, "Sina rekodi. Nimemwambia mwalimu. Amesema niimbe mwenyewe, mimi ndiye nitakuwa rekodi. Lakini wimbo wa kwetu una sauti ya juu na ya chini, Guka. Lazima mtu anijibu."

"Nani atakujibu?"

Akanitazama tu.

Nilienda. Koti lile lile, kofia ile ile, nikaona hatimaye lile darasa. Ni ukumbi mdogo, una viti vya plastiki kama vya matanga, na kinanda kikubwa cheusi kimefunikwa blanketi, jambo lililonifurahisha, maana hata mimi ningekifunika. Watahini watatu mbele, wanafunzi nyuma yao. Mwalimu mwenyewe, yule mama, akaja kunishika mkono. "Mzee, yule kuku alikuwa mtamu." Nikampenda hapo hapo.

Msichana akasimama akawaeleza habari ya kinanda, kidogo tu, si kama mimi. Akaimba kwanza wimbo wenyewe ulivyo kitabuni, na fa yake yote, safi, ile aliyoitafuta zizini. Kisha akasema, sasa hivi ndivyo tunavyouimba kwetu, na huyu ni babu yangu. Akaanza.

Jamani, aliimba kama nyanya yake. Ile mi aliikalia, akavuta pumzi, hh, mtaro mzima ukafunguka mbele yangu, mabati na nguzo na mwalimu wetu amegeuza kichwa. Ikawa zamu yangu ya kujibu. Nikapanda do, nikapanda re, nikafika mi.

Faaa, nikasema.

Mimi! Mimi niliyegombana na kamati! Ilitoka yenyewe, nene, imeiva, kijana wa Section 58 angenipigia makofi. Zile Jumamosi zote nilizokaa pale nimekasirika nilikuwa nameza tu.

Msichana akakatiza wimbo.

"Guka," akasema polepole, "umeimba fa."

"Sijaimba."

"Umeimba."

"Nani amesikia?" nikauliza watu, na mkono wa kila mwanafunzi ukaenda juu. Wakacheka, na mtahini mmoja mwenye mvi akacheka mpaka akavua miwani. Nilitaka kutoka. Nilikuwa nimeshaona mlango. Nilikuwa na hasira na koo langu kama mtu aliyeona mbwa wake mwenyewe anakula mayai.

Lakini msichana hakucheka. Aliwageukia wale watahini akawaambia, "Mmesikia? Hiyo nayo ni sehemu ya kazi yangu. Huyu ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa amekataa. Kibodi ina miezi michache tu kanisani." Yule mwenye mvi akaacha kucheka. Akaandika kitu, akaandika kwa muda mrefu, na wenzake wakaandika.

Kisha mwalimu akaniambia, "Mzee, turudie."

Safari hii msichana alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega, akanishika mkono kwa juu ya kiwiko. Tukaanza pamoja. Do. Re. Tulipofika mi akanifinya, akanifinya kweli, kucha na zote, nikavuta pumzi kwa uchungu, hh! Nikaruka. Nikatua kwenye so na yeye ametua juu yangu.

Alipita. Alipita vizuri, na kazi yake iko huko chuoni na mtaro wetu umeandikwa ndani. Amenionyesha: hapo kwenye mistari mitano ameweka alama ndogo kama koma ya kuvuta pumzi, na pale fa ingekaa hakuna kiluwiluwi, nafasi tupu. Niliitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama picha yoyote. Jirani naye nilimwambia amepita. Akauliza, "Sasa ataimbia wapi?" Nikainama nikaendelea kukamua, ndoo nimeishika kwa magoti.

Kanisani mambo ni yale yale, spika zinanguruma na fa imekaa kama mwenye nyumba. Mimi nimehamia benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, pamoja na mama wenye watoto wachanga. Juzi mwenyekiti alinipata hapo akauliza, "Mzee, siku hizi unakaa nyuma kama mdeni wa shetani?" Nikamwambia masikio yangu yamezeeka, kelele inaniumiza. Sikumwambia kwamba wimbo wa kufunga ibada msichana huja akakaa kando yangu, na kwamba tukikaribia pale mkono wangu wa kushoto tayari una alama za kucha zake. Ananifinya, naruka. Jumapili iliyopita mtoto mchanga wa benchi letu alivuta pumzi pamoja nasi, hh, mama yake akamtazama akafikiri ni kwikwi.